Malindi mwezi wa nane na mama mzee na watoto, kuna nini zaidi ya bichi?

MamaWawili_Nakuru

Habari zenu wote. Naomba msaada wa watu wa Malindi ama wale walioenda juzijuzi. Shule zikifunga mwezi wa nane tunakuja huko wiki moja, mimi na mzee wangu, watoto wawili (wa miaka 6 na wa 11) na mamangu. Mama magoti yanamsumbua, ngazi nyingi hawezi na kutembea mbali kwa mchanga pia hawezi, lakini hajawahi kuona bahari tangu azaliwe na nimesema mwaka huu lazima aione na aguse maji.

Sasa kila nikiuliza mtu naonyeshwa picha za swimming pul na mimi sitoki Nakuru kwenda kukaa kando ya pul. Mwingine kaniambia ati mwezi wa nane bahari ya Malindi ni chafu, rangi ya chai, imejaa mwani, eti niende Watamu moja kwa moja ama Diani. Ni kweli? Na kama ni kweli tutafanya nini siku hizo maji hayafai?

Huyu wa 11 anapenda nyoka, vipepeo, mijusi, kitu chochote kinachotambaa, yule mdogo yeye ni maji tu. Gari hatuna, tutashuka na treni mpaka Miritini, stesheni ya Mombasa, alafu tupande matatu. Nataka kujua ni wapi mama anaweza kufika bila kuteseka, tulale Malindi ama Watamu, na ni kitu gani nikikosa kuona nitajuta. Asanteni mapema.


Mwana_wa_Shela

Karibu sana dada, na mama pia mpe salamu zetu mwambie bahari yamngoja.

Hio ya rangi ya chai ni kweli ila huyo aliyekuambia kachanganya miezi. Mto Sabaki ndio unaoleta tope, unatoka huko juu kwenu bara kama Athi, ukipita Tsavo waitwa Galana na sisi ndio twaupokea hapa kaskazini ya mji. Mvua ikinyesha bara wiki mbili tatu twaona udongo wa watu mashamba yao unapita baharini, inauma kweli. Lakini mwezi wa nane upepo ni wa kusi, na kusi husukuma lile tope kwenda juu upande wa Mambrui, sio kwetu. Maji mekundu hasa yanatupata kuanzia mwezi wa kumi na moja, vuli ikinyesha na upepo ukigeuka kuwa kaskazi, ndio tope lashuka mpaka ghuba ya Malindi. Mwani hio sawa, kusi inaleta mwani na mawimbi, kuna asubuhi utaukuta umelala ufuoni mrefu mrefu, lakini mwani sio uchafu, ni wa baharini na maji yakirudi hubeba mwingi.

Kwa hivyo Malindi usiiache. Kwanza mji wenyewe ni mkongwe, ulikuwa na watu wake na biashara yake kabla Mreno hajaonekana. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa China zawadi kwa mfalme wao, hebu fikiria twiga ndani ya jahazi miezi yote hio, watoto wako waambie hio watapenda. Vasco da Gama yeye kafika 1498, kapokewa vizuri hapa baada ya kukosana na watu Mombasa, na ni kutoka hapa alipopewa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Ile nguzo yake nyeupe yenye msalaba iko pale kwenye mwamba, msalaba wake ni wa jiwe lililotoka Ureno. Njia ya kufika nguzoni ni ya mawe kidogo lakini si ndefu, mama apate mkono wa kushika atafika, na upepo wa pale ni mtamu. Ukirudi hapo karibu kuna kanisa dogo la Wareno la makuti na makaburi uani, dogo kabisa mwapita ndani dakika chache, inasemekana Mtakatifu Francis Xavier alipita mwaka 1542 akazika watu wake hapo. Alafu jumba la makumbusho lenye nguzo mbele, na makaburi ya mnara kando ya msikiti wa Juma. Vyote viko mji mmoja, tuktuk ya kukodi asubuhi moja yatosha, ulizeni getini kama tiketi ya pahali pa kwanza yaingia na kwengine.

Mji wa kale mkipita vaeni nguo za kufunika mabega na magoti, na Ijumaa adhuhuri wacheni watu waswali kwanza ndio mje na kamera. Watu ni wakarimu sana mkiwaamkia.


kaka_wa_kilifi

Mimi naona tofauti kidogo na dada hapo juu. Historia sawa lakini wana watoto, bichi ya Malindi mjini ni pana na nzuri ya kutembea jioni ila kwa kuogelea watoto Watamu ndio kwenyewe. Maji ni ya kijani mpaka unaona vidole vyako, kuna vighuba vimekingwa na majabali na mwamba wa nje unavunja mawimbi hata kusi ikivuma. Ningekuwa mimi ningelala siku za kwanza Malindi, zilizobaki Watamu. Ni karibu, unashukia Gede kwenye barabara kuu alafu tuktuk mpaka bichi.

Na huyo mpenda nyoka mpeleke Bio-Ken Watamu, shamba la nyoka lilianzishwa 1980 na James Ashe, wanafanya kazi ya maana sana ya kusaidia watu wa pwani walioumwa na nyoka, sio maonyesho tu. Wafanyakazi wanaeleza vizuri, mtoto atatoka hapo anajua kutofautisha swila na koboko na wewe mwenyewe pia utatoka unajua cha kufanya mtu akiumwa (msimfunge kamba, msimchanje, mkimbizeni hospitali akiwa ametulia). Hapo hapo Watamu kuna watu wa kasa, Local Ocean Conservation, wanatibu kasa walioumia ama waliomeza plastiki. Mvuvi akinasa kasa kwa bahati mbaya anawapigia simu wanamchukua, wanampima, wanamrudisha baharini, na mvuvi analipwa kitu kidogo kufidia taabu yake. Nimeona wavuvi ambao zamani wangemla kasa sasa wanambeba kama mtoto. Ulizia saa za kutembelea kabla ya kwenda.

Mwezi wa nane pia ni msimu wa nyangumi wenye nundu, wanatoka baharini huko kusini kwenye baridi wanakuja kuzaa maji ya joto. Boti za kwenda kuwatafuta zinatoka Watamu. Lakini kusi ni kusi, nje ya mwamba boti inaruka, kwa mama hapana na kwa wa miaka 6 pia mimi singethubutu.


MamaWawili_Nakuru

Ala kumbe kuna nyangumi! Sikuwa najua kabisa. Asante dada asante kaka, hio ya Malindi alafu Watamu nimeipenda. Lakini bado naogopa kitu kimoja, nimeona kwa picha zingine bahari iko karibu zingine imeenda mbali kabisa unaona mawe tu. Hio inakuwaje? Nisije nikampeleka mama wa watu aone mawe. Na zile boti za kioo chini mama anaweza kupanda?


Mzee_wa_Ngalawa

Mwanangu umeuliza swali ambalo wageni wote wangepaswa kuuliza kabla ya kulipa hoteli. Nimefanya kazi ya bahari tangu ujana na nawaona watu wanakuja na ratiba ya kifungua kinywa na chakula cha jioni, bahari hawajaiuliza, alafu wanasema Malindi si nzuri. Huku siku inapangwa na maji. Ukijua maji umejua likizo yako yote.

Sikiliza. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50. Mwezi ukiwa mwandamo ama ukiwa mpevu, siku zile na chache zinazofuata ndio bamvua, maji yanakwenda mbali sana na yanarudi kwa nguvu, tofauti ya juu na chini inapita mita 3. Siku za bamvua hapa kwetu maji hupwa mchana saa nne saa tano asubuhi, na kujaa alasiri saa kumi saa kumi na moja. Katikati mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali hayaji juu, na saa zinageuka, kujaa kunakuwa karibu na saa nne tano ya asubuhi. Kwa hivyo kabla hujakata tiketi ya treni tazama kalenda ya mwezi, basi.

Ukija wakati wa bamvua fanya hivi. Asubuhi maji yakitoka ndio wakati wa hifadhi ya bahari. Ile ya Malindi na ya Watamu zote zilitengwa 1968, ni za kwanza kwanza Afrika hii, na kwa sababu hakuna kuvua ndani yake samaki hawana woga, wanakuja mpaka usoni. Maji yakiwa machache matumbawe yako karibu, hata mtoto akishika boya na miwani anaona kila kitu. Mkiingia msikanyage matumbawe, msiwape samaki mkate hata nahodha akiwapa, na msiokote kombe wala simbi, ni sheria na pia ni haki yao. Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi ndani ya hifadhi tangu 2020, bebeni chupa ya kujaza. Kiingilio cha KWS (shirika la wanyamapori) hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa serikali, si pesa mkononi, mje na vitambulisho mpate bei ya Mkenya.

Mama yako boti ya kioo anaweza, lakini sema mapema na nahodha. Shida si boti, shida ni kupanda, kwa sababu boti haifiki mchangani maji yakiwa nje. Nahodha mwenye adabu anakuja na kigoda ama ngazi fupi na vijana wawili wa kumshika, na anangoja pahali penye maji ya magotini. Akikwambia tu twende tutaona huko, tafuta mwingine. Laifu jaketi kila mtu avae, mama pia, na muondoke asubuhi, upepo wa kusi huchangamka jua likipanda.

Alasiri maji yakijaa ndio kuogelea kwa huyo mdogo, mchanga uko chini si mawe. Na mama ndio wakati wake pia, bahari inamfuata yeye alipo, anakaa kiti anaweka miguu anapigwa na wimbi, hana haja ya kutembea. Siku ya kwanza kabisa mpeleke saa hio, asiione mara ya kwanza maji yakiwa nje.

Kule Watamu kwenye bamvua mchanga unatokea katikati ya bahari, watu wanatembea mpaka huko. Pazuri sana lakini mtu ajue saa ya maji kurudi, yanazunguka kwa nyuma kwanza, unaangalia mbele kumbe mkondo umeshakukata. Nendeni na mtu wa hapo. Na viatu vya mpira miguuni, kwenye mawe kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi na mwiba wao ukivunjikia ndani ni siku mbili za kuchechemea.


MamaWawili_Nakuru

Shikamoo mzee. Nimesoma hii mara kadhaa nimeiandika kwa kitabu. Nimeangalia kalenda sahii, nikisongesha safari siku tatu mbele naangukia mwezi mpevu. Nitasongesha!


Sokoke_Jirani

Mzee kamaliza kuhusu bahari, mimi naongeza ya nchi kavu manake zile saa maji hayafai hamtakaa hotelini.

Gede usiikose, tafadhali. Ni mji mzima wa Waswahili wa kale ndani ya msitu, kilomita 15 hivi kusini ya Malindi, kuna kasri, msikiti mkuu, visima, nyumba za matajiri na vyoo vyao, yaani watu walikuwa na mipango ya maji ya kuoga wakati huo. Kuna kaburi limeandikwa tarehe yake, ni mwaka 1399 kwa hesabu ya Kizungu. Wachimbuzi wamepata vyombo vya China na shanga za mbali. Mji uliachwa karne ya 17 mwanzoni, wengine wanasema vita, wengine wanasema visima vilikauka, na ukiangalia kisima kimoja karibu na msikiti utaona kilichimbwa kikaongezwa kina. Mwaka 2024 UNESCO imeiweka kwenye urithi wa dunia na ilikuwa imechelewa, mimi nasema wazi, watu wetu wanapanda ndege kwenda kuangalia magofu ya wengine na haya yako kando ya barabara ya Mombasa. Chukueni mwenyeji wa kuwaongoza, bila maelezo mtaona kuta tu. Njia ni tambarare ila mizizi ya miti ipo, mama apewe fimbo, na viti vipo njiani kivulini. Kima wamezoea watu, chakula kifichwe ndani ya mkoba maana wanapokonya.

Na sasa huyo wako wa 11! Hapo hapo ndani ya uwanja wa Gede kuna Kipepeo, mradi wa vipepeo ulioanza 1993. Wanavijiji wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga viwavi, wakifika hatua ya pupa, kabla hawajawa vipepeo, wanaletwa hapo wanasafirishwa nchi za nje kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Zamani msitu kwa jirani ulikuwa ni mbao na makaa tu, leo kuna familia zinalipa karo kwa kipepeo na kipepeo hana maisha bila mti wake. Mtoto anaingia kwenye chumba cha wavu wanamtua mabegani. Nina uhakika hapo hamtamtoa haraka.

Msitu wenyewe ni kilomita za mraba 420 hivi, msitu mkubwa wa pwani uliobaki wa aina yake Afrika Mashariki. Kuna ndovu ndani, kuna bundi mdogo wa Sokoke, kuna sengi, mnyama mdogo kama panya mwenye pua ndefu na matako ya dhahabu, ambaye Gede pia mkinyamaza anapita mbele yenu anaruka kama mpira. Kwa mama ni mbali kutembea, mzee wako anaweza kuwapeleka watoto alfajiri na mwongozaji wa kituo cha msitu, mama abaki apumzike.

Alafu Mida Creek jioni, mikoko na daraja la mbao linaloning'inia mpaka kwenye kibanda cha kuangalia ndege. Daraja linayumba kidogo, mama atulie mwanzoni, na mwezi wa nane wale ndege wengi wa safari kutoka Ulaya na Asia hawajafika sawasawa, hilo niseme ukweli msije mkakata tamaa. Lakini upande wa Dabaso kuna mkahawa wa mbao juu ya maji uliojengwa na kikundi cha wenyeji, Crab Shack, mnafika jua linashuka mnakula sambusa za kaa na mikoko iko pande zote. Huko mama anakaa tu.


Mwana_wa_Shela

Na chakula jamani msile hotelini kila siku! Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, jioni mitaani kuna viazi karai, bhajia za kunde, mishkaki, ukwaju wa baridi. Madafu yapo kila kona. Na kwa sababu Waitaliano wamekaa hapa miaka mingi Malindi ina aiskrimu na piza ambazo hupati miji mingine ya Kenya, watoto watafurahi. Huyo wa 11 mwambie pia kwamba huko Ngomeni juu yetu kidogo, kwenye majukwaa yaliyo baharini, ndiko setilaiti ya Uhuru iliporushwa tarehe 12 mwezi wa 12 mwaka 1970, na ilikuwa ya kwanza duniani kutumwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei za angani. Ikapewa jina hilo sababu ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru.

Tuktuk patana bei kabla ya kukaa. Vijana wa bichi wakikufuata jibu kwa Kiswahili kwa upole, asante ndugu leo hapana, wengi watakuacha wakutakie siku njema, ni watu wanatafuta riziki.


MamaWawili_Nakuru

Sina la kusema jamani, nimejaa. Swali la mwisho, jirani yangu amenitajia Marafa, ile ya mawe mekundu. Inafaa kwa mama ama niiache?


kaka_wa_kilifi

Usiiache. Wagiriama wanaita Nyari, ni korongo limechimbwa na mvua na upepo, lina minara ya udongo myeupe, ya waridi, ya machungwa, mekundu. Wazee wanasimulia palikuwa na jamaa tajiri sana, ng'ombe wengi mpaka wakawa wanaoga maziwa na majirani wana njaa, Mungu akawazamisha na boma lao, ndio nyeupe ni maziwa na nyekundu ni damu. Kijana wa hapo atawasimulia vizuri kuliko mimi, na kiingilio kinabaki kwa wenyeji.

Mama hana haja ya kushuka, uzuri wote unaonekana kutoka ukingoni, nyinyi na watoto mnashuka yeye anawaangalia kutoka juu akiwa kivulini. Watoto washikwe mkono ukingoni, hakuna ukuta kila mahali. Msiende mchana, kule chini ni joto la tanuri, fikeni saa kumi hivi mkae mpaka jua lianze kuzama maana rangi zinawaka wakati huo. Kwa hio ipangeni siku ambayo maji hayajai alasiri, yaani mwisho wa wiki yenu mwezi ukishapungua, muitumie asubuhi kuogelea.

Ni zaidi ya kilomita 30 kutoka Malindi, mnavuka daraja la Sabaki (simamisheni hapo kidogo, mnaweza kuona viboko) alafu mnaingia ndani upande wa Magarini. Tuktuk hapana kwa safari hio, mgongo wa mama utalia. Chukueni Probox ama gari ndogo na mpatane bei ya kwenda, kungoja na kurudi, yote pamoja kabla hamjatoka mjini, sababu giza likiingia kule gari la kurudi ni la kubahatisha.